Tusimhukumu Mtu kwa "Yaani" Zake

Ndugu msomaji, leo sikuja kukufundisha neno. Nimekuja kukiri kosa, kisha nitoe maoni yangu, nawe uyapime kwa akili yako.

Kwa miaka mingi nilikuwa na tabia moja ambayo nikiiona ni ya kiungwana. Mtu akinena mbele yangu, masikio yangu hayakuwa kwa lile alisemalo. Yalikuwa kwa yale maneno madogo madogo ayapachikayo katikati: "yaani", "nini", "si unajua", "hivi", "sijui niseme vipi", na ule mguno wa "aa" na "mm" ambao haumo katika mafunzo ya mwalimu yeyote. Nikimsikia mtu ana mengi ya hayo, nilimwandika moyoni mwangu kuwa ama ni mjinga, ama hakulelewa penye watu, ama ana jambo analolificha. Na nikimsikia mwingine maneno yanamtoka kama maji ya mfereji, nilisema huyu ndiye mtu.

Wala sikuwa peke yangu. Keti katika baraza yoyote ya pwani yetu, kutoka Vanga hadi Lamu, utasikia watu wakipimwa kwa mizani hiyo hiyo. Sisi ni watu tunaopenda neno zuri. Mtoto wetu hufundishwa kusalimu kabla ya kufundishwa kusoma, na mwenye kujua kunena hupewa nafasi ya mbele hata kama mfuko wake ni mtupu. Jambo hilo si baya. Lakini lina upande wa pili, na upande huo ndio ulionifunza adabu nikiwa na mvi kichwani.

Usiku wa posa

Ndugu yangu alipofariki aliacha binti. Babu yake alikwisha kutangulia zamani, kwa hivyo uwalii ukaniangukia mimi, ami yake. Binti akakua, akasoma, na siku ikafika wazee wa kijana mmoja wakaja kuleta posa. Walikuwa watu wa heshima, wakasema yao kwa utaratibu, nasi tukawapokea kwa halua na kahawa. Lakini mimi sikutosheka. Nikasema nataka nimsikie kijana mwenyewe.

Akaja baada ya sala ya Isha. Tulikuwa wazee watano tumekaa mkeka mmoja, naye peke yake mbele yetu, kanzu yake imepigwa pasi hadi mikunjo inakata. Mamangu mzazi, ambaye ndiye nyanya wa binti, alikuwa chumba cha ndani nyuma ya pazia. Hakumwona kijana uso, lakini kila neno alilisikia.

Nikamwuliza, "Mwanangu, unamtakia nini binti yetu?"

Akajibu, "Mimi, yaani, mzee wangu, nataka, yaani, si unajua, tuishi, nini, kwa wema. Yaani, mimi si tajiri, lakini, aa, yaani..."

Nilikuwa na tasbihi mkononi. Sijui shetani gani aliniingia, lakini nikaanza kuvuta punje moja kwa kila "yaani". Kabla kahawa haijapoa nilikwisha kupita punje thelathini na tatu. Wenzangu wawili wakaniona, wakaelewa, wakainamisha vichwa wafiche kicheko. Kijana naye akaona kwamba kuna jambo, asijue ni jambo gani, na "yaani" zikazidi.

Baadaye, kwa kutaka kujaza wakati tu, mmoja wetu alimwuliza habari za kazi yake. Yeye ni fundi wa injini za maboti. Akaulizwa, "Boti ikikuzimikia katikati ya mkondo, na watu wamo ndani, wafanya nini?"

Akasema, "Kwanza natupa nanga, tusichukuliwe. Kisha naangalia kitundu cha hewa cha tangi, kama kimefunguliwa. Kisha mpira wa mafuta, pengine umejikunja. Kisha chujio, kwa sababu petroli ikiingia maji injini haiendi. Nikiona huko kote ni kuzima, ndipo nafungua plagi." Akanyamaza.

Hapakuwa na "yaani" hata moja. Mimi sikuliona hilo. Nilikuwa nimeshakata shauri.

Tulipoachana nikaingia ndani, nikamwambia mamangu kwamba kijana hatufai, ulimi wake mzito, hana analolijua, na mwanamume asiyeweza kujieleza nafsi yake ataielezaje nyumba. Mamangu akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Umemwuliza habari za injini akakujibu kama anasoma. Umemwuliza habari za moyo wake mbele ya wanaume watano waliomkodolea macho, ukataka naye akujibu hivyo hivyo. Wewe ulipomposa mkeo ulinena?"

Nikanyamaza.

Akaendelea, "Na tena, mwanangu, tangu aanze mpaka amalize, sikusikia mmoja wenu akimwitikia hata 'naam'. Mtu hunena na ukuta? Na hiyo tasbihi nimesikia ikilia. Tasbihi ni ya kumtajia Mwenyezi Mungu, si ya kuhesabia watu aibu zao."

Sijapata kuaibika kama siku ile. Ndoa ilifungwa, na mimi ndiye niliyeozesha.

Mizani ikanigeukia

Ingekoma hapo ningesema ni maneno ya mama kwa mwanawe. Lakini katika walima ya harusi ile nilipewa nafasi nitoe nasaha, nikanena kwa muda wa kama dakika kumi na mbili. Kijana mmoja wa nyumbani akanirekodi kwa simu yake, na kesho yake akaniletea nisikie, akidhani ananifurahisha.

Ndugu msomaji, nilisikia mtu nisiyemjua. Kila sentensi yangu ilianza na "kwa hakika". Nilipotaka kuvuka kutoka jambo moja hadi jingine nilisema "naam, sasa, basi". Nilipokwama nilisema "kama mjuavyo", na waliokuwapo hawakujua, kwa kuwa hata mimi nilikuwa sijasema bado. Nikachukua tasbihi ile ile, nikahesabu. "Kwa hakika" peke yake zilikuwa kumi na tisa. Tofauti yangu na yule kijana ni kwamba viraka vyangu ni vya hariri na vyake ni vya marekani. Viraka ni viraka. Wahenga walisema nyani haoni kundule, nami nililiona langu siku ile.

Tangu hapo nikawa nataka kujua: maneno haya ni nini hasa, na yanasema nini juu ya mtu?

Neno lililosafiri

Tuanze na "yaani" yenyewe, kwa kuwa ndiyo inayosingiziwa zaidi. Asili yake ni Kiarabu, kitenzi chenye maana ya "inamaanisha" au "anakusudia". Mwalimu wa chuoni akifasiri kitabu, husoma maneno ya asili, kisha husema "yaani", kisha hueleza. Hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza, na ni kazi tukufu: ni daraja baina ya neno na maana yake.

Lakini Waarabu wenyewe, wakikaa kwenye mikahawa yao, huipachika kila mahali kama sisi. Waturuki wanayo, Waajemi wanayo, na wasemao Kiurdu wanayo, na kote huko hutumika kwa kufasiri na hutumika kwa kujazia. Kwa hivyo mtu asiseme kuwa ni uvivu wa vijana wa Mombasa. Neno hili limefika kote huko na tabia zake zote mbili.

Wala kulalamikiwa kwake si jambo jipya. Al-Jahiz, mwanachuoni wa Basra wa karne ya 9, ameandika kitabu kikubwa juu ya ufasaha kiitwacho Al-Bayan wa al-Tabyin. Humo amepokea maoni ya mshairi al-Attabi, ambaye aliulizwa ufasaha ni nini. Jawabu lake kwa ufupi ni kwamba mfasaha ni yule anayekufahamisha haja yake bila ya kurudiarudia, bila ya kukwama na bila ya kutafuta msaada. Akaulizwa kutafuta msaada ni kupi. Akataja yale maneno ambayo msemaji huyatia kwenye vituo vya usemi wake: kumwita mwenziwe ovyo, kumwambia anisikie, kumwambia anifahamu, kumwuliza je hafahamu. Al-Attabi aliyahesabu yote hayo kuwa ni udhaifu na uharibifu wa usemi.

Tazama basi! Zaidi ya miaka elfu moja na mia moja iliyopita, huko Iraki, watu walikuwa wakisema "si unajua" na "umenifahamu?", na wazee walikuwa wakikasirika. Mimi namheshimu al-Attabi, na nikiwa nahukumu khutba au shairi nitahukumu kwa mizani yake. Lakini yeye aliulizwa habari za ufasaha. Hakuulizwa habari za akili, wala za ukweli, wala za tabia njema. Kosa letu ni kuichukua mizani ya kupimia dhahabu tukapimia watu.

Wataalamu waliohesabu

Katika zama zetu wamekuja wataalamu wa elimu ya nafsi, nao wakahesabu kama nilivyohesabu mimi, ila wao hawakuwa na kiburi changu.

Mwaka wa 1991, Stanley Schachter, Nicholas Christenfeld na wenzao wa Chuo Kikuu cha Columbia, mjini New York, walitoa matokeo ya kuwasikiliza wahadhiri madarasani. Waliona kwamba wahadhiri wa sayansi huguna kidogo kuliko wahadhiri wa fasihi na sanaa. Je, wa sayansi ni werevu zaidi? La. Wote walipohojiwa juu ya jambo moja lisilokuwa la somo lao, tofauti ile ilitoweka. Maelezo yao ni kwamba katika sayansi jambo aghalabu lina njia moja ya kulisema, ilhali msomi wa fasihi ana maneno mengi ya kuchagua, na kila penye uchaguzi mtu husita. Niliposoma hayo nilimkumbuka yule fundi. Injini ina njia yake: hewa, mpira, chujio, plagi. Mapenzi na kuishi kwa wema vina njia ngapi? Mamangu hakusoma Columbia, lakini alilijua hilo akiwa nyuma ya pazia.

Mwaka wa 2002, Herbert Clark na Jean Fox Tree, wote wa California, walieleza kwamba ile miguno ya Kiingereza si kelele tupu. Ule mfupi humwambia msikilizaji kuwa msemaji atakawia kidogo, na ule mrefu wa kufunga midomo humwambia kuwa atakawia zaidi. Ni kama mtu anayekunyoshea mkono akakwambia, ngoja, sijamaliza, usiniingilie. Nasi tunaujua ukweli wa hilo, kwa kuwa katika baraza zetu ukinyamaza kimya kitupu mwenzio atakunyang'anya zamu mara moja.

Mwaka wa 2014, Charlyn Laserna, Yi-Tai Seih na James Pennebaker waliyatazama maneno ya Kiingereza ya namna ya "yaani" na "unajua" katika mazungumzo ya kila siku yaliyorekodiwa. Waliona kwamba watumiaji wake wengi ni wanawake na vijana, na kwamba wenye kuyatumia sana huelekea kuwa watu makini, wanaojali wajibu wao. Walidhani sababu yake ni kwamba watu kama hao huyafikiria wayasemayo na hutaka mwenzao awafahamu sawasawa. Hao ndio watu niliokuwa nikiwaandika wajinga.

Ni kweli kwamba uchunguzi huo ulikuwa juu ya Kiingereza, na kila lugha ina mambo yake. Lakini kusita si kwa Mwingereza peke yake. Kila mwanadamu aliyepewa ulimi amepewa na kukwama.

Kalafati

Nikamwambia mzee mmoja wa baraza yetu habari hizi. Yeye katika ujana wake alifanya kazi kwa mafundi wa kuunda majahazi. Akaniuliza, "Umepata kuona chombo kikitiwa kalafati?" Nikasema nimeona. Akasema, "Mbao ukizipanga vizuri namna gani, baina yake hubaki nafasi. Fundi huchukua pamba, akaitia mafuta, akaipigilia humo. Chombo hakiundwi kwa pamba. Lakini toa ile pamba, uone kama utafika Lamu."

Nami nasema "yaani" na ndugu zake ni kalafati ya usemi. Mtu akiwa na pamba nyingi kuliko mbao, hana chombo, ana godoro. Hilo nakubali. Lakini mwenye pamba kiasi anazungumza kama binadamu anavyozungumza, akifikiri huku ananena, akimtazama mwenziwe kama wako pamoja.

Tena pamba hiyo nyingine huwa ni sisi tulioitaka. Mazungumzo ya kwetu yana watu wawili. Mmoja husimulia, mwingine huitikia: "naam", "ehe", "lahaula", "ikawaje?" Asipopata kuitikiwa, msemaji huanza kuuliza mwenyewe: "si unajua? umenifahamu?" Wale ambao al-Attabi aliwasikia wakimsihi msikilizaji asikie, pengine walikuwa na msikilizaji asiyesikia. Na siku hizi ambapo mtu anazungumza nawe na huku macho yako kwenye simu, usistaajabu "si unajua" zikiwa nyingi. Kabla ya kuhesabu viraka vya mwenzio, jiulize wewe ulimwitikia mara ngapi.

Aliyemcheka Musa

Waislamu tuna dalili kubwa kuliko hizi zote, nami nilikuwa nikiisoma bila ya kuizingatia. Nabii Musa (A.S.) alipotumwa kwa Firauni, katika Surat Taha twaambiwa alimwomba Mola wake amfungulie fundo la ulimi wake ili watu wafahamu maneno yake. Na katika Surat al-Qasas yeye mwenyewe anakiri kwamba nduguye Harun ni mfasaha kuliko yeye. Hata hivyo ni nani aliyeteuliwa kusema na Mola wake? Ni nani aliyepewa Taurati? Mfasaha alifanywa waziri, na mwenye fundo akafanywa kiongozi.

Kisha tazama katika Surat az-Zukhruf ni nani aliyemdharau Musa kwa kuwa hawezi kujieleza waziwazi. Ni Firauni. Alikuwa ameketi katika ufalme wake, mbele ya watu wake, akimpima Mtume kwa ulimi. Usiku ule wa posa mimi nilikuwa nimeketi mkekani na wazee wenzangu, nikimpima kijana kwa tasbihi. Sipendi kuufananisha mkeka wangu na kiti kile, lakini nimelazimika.

Wala simaanishi kwamba ufasaha hauna thamani. Bi Aisha (R.A.) amesimulia kwamba Mtume (S.A.W.) hakuwa akinena mbiombio, maneno yake yalikuwa na nafasi hata mwenye kutaka kuyahesabu angeweza. Huo ndio mfano wetu, na mwenye kuuiga atapata ujira na heshima. Ila mfano mwema ni wa kujipimia nafsi yako. Hukupewa uwe fimbo ya kuwapigia wenzio.

Ulimi laini

Sasa nieleze upande wa pili wa kosa langu, nao ulinigharimu fedha. Kabla ya mambo ya posa, palitokea mtu akiuza viwanja upande wa bara. Alikuja kwangu mara tatu. Katika mara zote tatu sikumsikia akikwama. Alijua mipaka, alijua bei, alijua hata swali nitakalouliza kabla sijaliuliza. Nikasema moyoni, mtu anayesema waziwazi hivi hawezi kuwa mwongo. Nikatoa arubuni. Baadaye tukajikuta watu wanne wenye karatasi za kiwanja kimoja, na yeye hayupo. Tulipokutana sisi wanne kila mmoja alisema neno lile lile: "Lakini alikuwa anajieleza vizuri!"

Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, na mimi nilitoka. Nimesoma baadaye kwamba mwaka wa 2010 Joanne Arciuli na wenzake huko Australia waliwajaribu watu kwa kuwataka waseme kweli na waseme uongo, wakaona ule mguno mrefu ulikuwa mchache zaidi katika uongo kuliko katika kweli. Sisemi basi kila mwenye kunena bila kusita ni mwongo. Hilo litakuwa kosa lile lile limegeuzwa. Nasema kusita si dalili ya uongo, na kutosita si ushahidi wa kweli. Kiwanja hupimwa kwa hati katika ofisi ya ardhi, na mtu hupimwa kwa vitendo vyake kwa majirani zake. Laiti ningemwuliza jirani mmoja tu.

Kiraka ambacho si kiraka

Hata hivyo, ndugu msomaji, yako maneno mawili ambayo tunayatumia kama "yaani", na hayo siyaoneshi huruma. La kwanza ni "wallahi".

Nenda sokoni, nenda kituo cha matatu, nenda uwanja wa mpira, usikilize. "Wallahi jana mvua ilinyesha." "Wallahi hii samaki ni ya leo." "Wallahi nakuja sasa hivi", na aliyesema bado yuko kitandani. Jina la Mwenyezi Mungu tumelifanya pamba. Ni kweli kwamba katika Surat al-Baqara na Surat al-Maida tumeelezwa kwamba Mwenyezi Mungu hatuchukulii kwa viapo vya upuuzi vinavyotoka ulimini bila ya kukusudia moyoni, na Bi Aisha (R.A.) ameeleza kuwa ni hivi vya mtu kusema la wallahi na naam wallahi katika mazungumzo. Hiyo ni rehema Yake. Lakini aliyesamehewa deni haendi kukopa tena makusudi. Na mfanyabiashara akumbuke kwamba Mtume (S.A.W.) ametuonya kuwa kiapo huiuza bidhaa na huiondoa baraka.

La pili ni "inshallah". Katika Surat al-Kahf tumefundishwa tusiseme tutafanya jambo kesho bila ya kuitaja mashia ya Mungu. Wazee wetu wakisema inshallah waliondoka hapo wakaanza kujitayarisha. Siku hizi mtu akitaka kusema "siji", husema "inshallah". Fundi akitaka kusema "sijaanza", husema "inshallah kesho". Kijana anayesema "yaani" anatafuta maana. Anayesema "inshallah" ilhali amekusudia kutofanya anaficha maana, na anaificha nyuma ya jina tukufu. Kama ni kuhesabu kwa tasbihi, basi na tujihesabie hayo mawili, kila mtu yake.

Nasaha

Mwenye "yaani" nyingi akitaka kuzipunguza, asijifunge ulimi. Ajirekodi kama nilivyorekodiwa mimi, asikie mwenyewe, aone ni neno gani limemshika. Kisha afikapo mahali pa kulisema, anyamaze kidogo, avute pumzi, aendelee. Kimya kifupi hakimdhuru msemaji. Na walimu na wazazi, mtoto akisita msimcheke wala msimmalizie maneno. Mtoto aliyechekwa leo kesho atanyamaza hata pale anapojua, na hasara itakuwa yetu.

Yule kijana, ambaye sasa ni mwanangu, bado ana "yaani" zake. Juzi alikuja nyumbani kuniomba ushauri juu ya kununua boti kuukuu kwa kushirikiana na mwenzake. Alianza kama siku ile: "Ami, yaani, nataka, si unajua..." Nikaiweka tasbihi mfukoni. Kila aliposita nikasema "naam", na kila aliponitazama nikasema "ehe". Baada ya muda kidogo maneno yalimnyooka, akanieleza bei, na hali ya mbao, na umri wa injini, na yale anayoyahofia kwa yule mwenzake, jambo kwa jambo, hata sikuwa na swali la kumwuliza.

Sikuzihesabu "yaani" zake. Nilikuwa namsikiliza yeye.